Kokoto za Darasa la Tatu

Chiriku aliweka kikombe cha chai mezani, akakohoa, kokoto ikadondoka kwenye sahani. Mama yake aliiosha, akaifunga kwenye leso, akaiweka mkobani pamoja na penseli, maana shule ilitaka ziletwe. Darasa la tatu zima lilikuwa likikohoa kokoto tangu kile kipindi kifutwe.

Kilikuwa kipindi cha Ijumaa. Mwalimu wa darasa aliwaketisha watoto chini kwa duara, akamuuliza kila mmoja, "Na wewe, ulitaka kusema nini?" Wenzake walisikiliza bila kucheka. Hapo ndipo Chiriku aliposema kwamba tangu babu afariki, anaogopa kulala. Hapo ndipo mtoto wa kinyozi, ambaye ngumi zake zilitangulia maneno, alipojifunza kusema "nimekasirika."

Mwalimu mkuu akakigeuza kuwa kipindi cha mazoezi ya mtihani. Aliyetaka kulia aliambiwa ameze. Wakameza.

Jioni mama alipokwenda kumchukua mwanawe, alipitia ofisini kwa mwalimu mkuu. Uani mafundi walikuwa wakichanganya zege. Watoto walipanga mstari, kila mmoja akimwaga kokoto zake kwenye toroli. Mwalimu wao wa darasa alilisukuma, naye akikohoa.

"Mwalimu, mwanangu tulimwita Chiriku kwa kuwa mdomo haukutulia hata usingizini. Siku hizi nikimuuliza, 'sijambo' tu, basi."

"Ameshika adabu. Hukutaka hivyo, mama?"

"Anakohoa mawe!"

"Wote wanakohoa. Bila hizo, chumba cha mitihani tungekijengea nini?"

"Mtoto ana uchungu, baba!"

"Uchungu haumo kwenye mtihani." Mwalimu mkuu akainua kidole. "Hasira hasara. Meza mate, uende salama."

Mama akameza. Hakufika mlangoni. Kikohozi kikamshika, akatema jiwe kubwa kama ngumi mbili. Mwalimu mkuu akaliokota, akaligeuzageuza, akachungulia dirishani.

"Fundi! Njoo uchukue hili. La msingi."

Chiriku alimpokea mama yake uani, akamshika mkono. Walipotoka getini akamtazama usoni kwa muda, kama alivyofundishwa.

"Na wewe, mama, ulitaka kusema nini?"

Mama akaanza kusema. Nyuma yao nyundo ya fundi ilikuwa ikiligonga lile jiwe, likae sawa na mengine.