Kibe Amechelewa

Mimi si mtu wa kubembeleza. Nilikuwa nesi wa jeshi miaka ishirini na miwili, sasa ni karani wa klabu yetu ya wanajeshi wastaafu hapa nyuma ya maduka ya Adams Arcade, na ukinikosea nitakwambia. Lakini Jumamosi ile aliyekosa nilikuwa mimi, Munyiva, na sina wa kumsingizia.

Siku ya kumbukumbu tunaita majina yote, ya walio hai na ya waliokufa, kwa mpangilio uleule miaka nenda miaka rudi. Aliye hai hujibu, "Nipo." Aliyekufa hujibiwa na ukumbi mzima: "Amepumzika." Hiyo ndiyo desturi yetu.

Kibe alikufa Aprili. Zadock ni rafiki yake. Kule mpakani Kibe alimbeba mgongoni kilomita sita, risasi ikiwa pajani mwa Zadock. Tulimpeleka Zadock mazishini. Wiki iliyofuata akaniuliza, "Kibe ako wapi?" Nikamwambia. Akalia kama anayesikia mara ya kwanza, maana akili yake siku hizi haishiki jambo jipya. Nimemuua Kibe mara tatu mbele ya yule mzee. Mara ya tatu alianguka, tukamkimbiza hospitali. Tangu hapo tukakubaliana, na mjane wa Kibe tukamwambia: akiuliza, Kibe amechelewa.

Kumwacha nyumbani siku ya kumbukumbu hakuwezekani. Alfajiri ashavaa suti na medali. Basi nikaamua kulifuta jina la Kibe kwenye orodha, mwaka huu tu.

Shida ilikuwa mjane wake, Waringa, tunayemwita Mama Ciru. Alinipigia simu kutoka Loresho, anakoishi kwa binti yake. "Munyiva, kanisani wamemwombea, ukoo umemlilia. Lakini watu wake ni nyinyi. Nataka nisikie akiitwa, na nyinyi mmjibie. Nikisikia hivyo, nitajua nimemzika."

Nikasema sawa. Nilipaswa kumweleza mpango wangu, nikaogopa. Aibu yangu hiyo.

Akaja na kofia ya jeshi ya Kibe mkobani, akaketi kando ya Zadock, kwenye kiti alichokalia mumewe siku zote. Zadock akafurahi. "Shemeji, umenona wewe." Waringa akacheka naye, machozi yakiwa karibu.

Nikaanza kuita. Lazarus. "Nipo." Mutie. "Amepumzika." Obuya. "Nipo." Kisha nikaita, "Zadock."

Akanitazama, akatikisa kichwa.

"Zadock," nikarudia.

"Umeruka mtu," akasema. "Kabla yangu ni Kibe. Siwezi kujibu kabla ya Kibe."

Jamani. Mtu anaweza kusahau alichokula asubuhi, lakini foleni ya jeshi ikishamwingia haitoki. Nesi mzima nikasahau hilo.

Akamgeukia Waringa. "Shemeji, bwanako ako wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Waringa aliitazama karatasi yangu, akanitazama mimi, nikaona ameelewa kwamba sikumwandika. Kisha akamtazama Zadock, aliyekuwa ameanza kuangaza macho ukumbini akimtafuta Kibe. Akaisukuma ile kofia chini kabisa ndani ya mkoba, akafunga zipu.

"Amechelewa, shemeji," akasema. "Nimemwacha nyumbani akitafuta kofia yake."

Zadock akacheka mpaka akakohoa. "Huyo atachelewa hata mazishi yake mwenyewe."

Hakuna mwingine aliyecheka.

"Mwite, Munyiva," Waringa akaniambia. "Mwite tu."

"Kibe wa Thuo," nikaita.

Hakuna hata mmoja aliyeweza kusema neno letu. Watu waliopigana vita, wote wanatazama viatu vyao.

"Yuko njiani," Zadock akajibu kwa nguvu. "Andika yupo."

Nikaandika yupo. Waringa alikuwa analia bila sauti, ameukumbatia mkoba, nami moyo ulinivunjika nikiwa nimesimama pale mbele na kalamu yangu.

"Zadock," nikaita.

"Nipo." Akaridhika. Kisha akamgusa Waringa begani, taratibu. "Usilie, shemeji, atafika. Lakini hapo ulipokaa ni pake. Akija atakaa wapi?"

Waringa akainuka, akahamia kiti cha nyuma.