Fulana ya Ndani ya Sanamu

Uvumi wenyewe uliletwa dukani pamoja na mapazia machafu. Mteja mmoja, mama mwenye sauti ya kupigia mbiu, alitupa furushi lake mezani na kumwinamia dobi.

"Mwenzangu, umesikia ya mashindano ya maigizo mwaka jana? Mtoto wa watu alivuliwa nguo mbele ya majaji! Eti fulana yake ya ndani ilikuwa na nembo ya kampuni. Wakamvua, ukumbi mzima unatazama, na shule yake ikafutwa mashindanoni."

"Mtoto wa nani huyo?" dobi aliuliza.

"Wa watu tu. Ila aliyeniambia si mtu wa kutia chumvi."

Akachukua risiti yake akaenda zake, hana hili wala lile. Aliyebaki na mzigo ni dobi. Akisugua kola ya shati, anauona ukumbi. Akikamua shuka, anamwona mtoto amejikunyata jukwaani, mikono kifuani. Mtoto wake mwenyewe, tena wa pekee, alikuwa anapanda jukwaa hilohilo baada ya siku tisa.

Mtoto huyo alikuwa na miaka tisa. Nyumbani aliitwa Bibi Mdogo, kwa kuwa alirithi jina la mama mzaa baba, na watu walisema alirithi na mdomo wake. Mdomo ule haukuwa na breki. Alimsuta baba yake kwa kuvaa soksi zisizofanana, na jirani aliyewaletea chakula aliambiwa kimepungua chumvi akiwa bado ameshika sahani. Kwa hiyo mwalimu alipomchagua yeye kuwa sanamu, nyumbani walicheka mpaka mbavu zikauma.

"Sanamu? Wewe?" alisema baba yake, ambaye kazi yake ilikuwa ulinzi. "Sanamu hiyo itauliza wapita njia wanakwenda wapi na watarudi saa ngapi."

"Baba, wewe hujui sanaa. Na sanamu ina maneno. Inasema mwisho kabisa, halafu mchezo unaisha."

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi: katikati ya mji imesimama sanamu ya mwanamke, na mbele yake watu wanaiba, wanadanganyana, wanauziana vitu vibovu. Dakika arobaini sanamu haitikisiki. Mwisho inafumbua mdomo na kusema: "Nimewaona nyote."

Wakafanya mazoezi jikoni. Bibi Mdogo alisimama juu ya ndoo iliyofudikizwa, na dobi, mama yake, akamzunguka na unyoya, mara sikioni, mara chini ya pua. Akamdondoshea maji ya baridi shingoni.

"Sanamu haijikuni," mama alisema.

"Na ikiumwa na mbu?"

"Sanamu haina damu. Simama."

Siku ya sita mtoto alisimama mpaka wali ukaiva, bila kugeuza hata jicho. Dobi alimbeba juu juu kwa furaha. Alikuwa amemfundisha vizuri sana.

Karatasi kutoka shuleni ilikuwa na mstari mmoja uliopigiwa wino chini: nguo za ndani zisiwe na nembo wala maandishi ya kampuni yoyote. Vazi la sanamu lilikuwa gunia lililopakwa rangi ya kijivu mpaka likakakamaa kama bati, kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, likifungwa kwa kamba mgongoni. Liliparuza vibaya, kwa hiyo ndani ilitakiwa fulana ya kubana. Bibi Mdogo alikuwa nayo moja, nyeusi, ya mazoezi, aliyopewa na mama yake mdogo. Kifuani ilikuwa na nembo nyeupe ya mpira, upana wa kiganja.

Siku moja kabla ya mashindano dobi aliibeba fulana hiyo kwenda nayo kazini. Huko miaka kumi na moja alikuwa amekaa meza ya madoa. Damu, kutu, wino, grisi, vyote vilipita mikononi mwake na vikatoka. Alianza na wembe, lakini nembo ya mpira haina uzi wa kufumua. Akapaka wino mweusi wa kalamu nene. Weusi wa wino ukang'aa peke yake, nembo ikaonekana zaidi. Akashona kiraka, kiraka kikatuna. Akakifumua.

Mzee wa Pasi, mwenzake wa kazi aliyekuwa akimtazama muda wote huo kwa upande wa jicho, hakuweza kunyamaza tena.

"Binti yangu, geuza ndani iwe nje, umalize."

"Na wakimvua?"

"Wamvue wanatafuta nini, almasi?"

"Yule mwingine walimvua, mzee."

"Yupi?"

Dobi alimpa mgongo. "Wewe piga pasi zako," alisema.

"Haya. Pasi haigombani na mtu."

Kwenye rafu ya chini kulikuwa na kopo la dawa kali, inayonuka kama petroli, ya kutolea rangi na gundi kwenye makoti. Sheria yake dobi aliijua kuliko yeyote pale, maana ndiye aliyewafundisha wengine: ukishaitumia, fua kwa sabuni, suuza mara tatu, anika penye upepo siku mbili, na nguo isiguse mwili wa mtu mpaka harufu iishe kabisa. Alikwisha kumfokea msichana mgeni wa kazi kwa kurudisha koti la mteja kabla ya siku mbili. "Unataka kumbabua mtu ngozi?" alimwambia siku ile, na duka zima likasikia.

Akaimimina dawa kwenye kitambaa, akasugua. Nembo ikalainika, ikakunjamana, ikatoka vipande vipande. Alisuuza mara moja tu, kwa sababu jioni ilikuwa imeingia na hewa ilikuwa nzito ya mvua. Akaweka dawa kidogo kwenye kichupa, akakitia mkobani. Huwezi kujua.

Asubuhi aliinyanyua fulana dirishani. Jua lilipoipiga, akakiona kivuli. Nembo ilikuwa imetoka, lakini alama yake imebaki, nyeusi iliyopauka katikati ya nyeusi, umbo lilelile. Akatazama saa. Ilibaki saa moja na nusu. Angeweza kuigeuza. Angeweza kumvalisha fulana kuukuu ya shule. Mambo hayo yote yalimjia baadaye, yakapanga foleni. Asubuhi ile kichwani mwake alikuwamo mtoto mmoja tu, yule wa watu, aliyejikunyata jukwaani.

Akafungua kichupa, akakimaliza chote. Akasugua mpaka kifua cha fulana kikalowa, akakikandamiza kwa taulo, akapulizia manukato.

Nyuma ya jukwaa watoto walikuwa wakikimbizana na masharubu ya bandia. Dobi alimvuta Bibi Mdogo pembeni na kumvalisha.

"Mama, fulana inanuka kama gari."

"Itaisha."

"Mbichi hii."

"Itakauka mwilini. Nyoosha mikono."

"Gari lililopakwa manukato," Bibi Mdogo alisema akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mama, inawasha."

"Ni gunia hilo."

"Gunia sijavaa bado."

Dobi akalivuta gunia juu yake, akaanza kufunga kamba za mgongoni. Alifunga mafundo mawili mawili, akayakaza kwa meno, ili asiwepo wa kumvua kirahisi.

"Mama, inachoma."

"Dakika arobaini tu, mwanangu. Jikaze kisabuni. Sanamu ina ngozi?"

Mtoto alimtazama. "Haina," alisema, akaenda.

Jaji mmoja alipita nyuma ya jukwaa akiwa na karatasi. Alitazama viatu vya watoto, akaandika kitu, akaondoka. Hakumgusa mtu.

Dobi aliketi safu ya tatu. Pazia lilipofunguliwa, sanamu ilikuwa imesimama juu ya sanduku lake, kidevu juu, mikono imeshikana tumboni. Wezi wakaingia, waongo wakaingia, watu wakacheka. Hata dakika kumi hazijapita dobi aliona kitu kinang'aa kwenye shavu lililopakwa kijivu. Kikashuka, kikaacha njia. Kikafuata cha pili.

"Tazama, sanamu inalia!" alinong'ona baba mmoja nyuma yake. "Mwalimu huyu fundi. Sanamu inalia kwa dhambi za watu."

"Na haitikisiki," alisema mwenzake. "Mtoto wa nani yule?"

Dobi alijua. Hili ndilo aliloficha kwa siku kadhaa, hata kwa mumewe, na ndilo linalofanya yote haya yasimuliwe. Miguu yake ilijua, maana iliinuka kidogo kutoka sakafuni. Alijua dawa ile inafanya nini ikizibwa chini ya nguo ngumu na joto la mwili. Lakini akisimama, mchezo utakatika. Mchezo ukikatika majaji watauliza. Wakiuliza watamvua. Akairudisha miguu chini. Akahesabu watu waliobaki kuingia jukwaani: muuza dawa za uongo, bwana harusi, mwizi wa kuku. Kila mmoja alichukua muda wake. Mwizi wa kuku alisahau maneno, akarudia.

"Nimewaona nyote," sanamu ilisema hatimaye, kwa sauti safi, isiyotetemeka, na ukumbi ukasimama kupiga makofi.

Pazia lilipofungwa Bibi Mdogo alishuka mwenyewe kwenye sanduku, akatembea hatua nne, akapiga magoti. Hakulia kwa sauti. Mama yake alifika mbio na kuyavamia mafundo. Hayakufunguka. Kucha zake zilivunjika mbili. Mwalimu akaleta mkasi wa karatasi, mkasi ukawa butu kwa gunia lile, wakamtafuta fundi wa taa mwenye kisu. Gunia lilipotoka ikabaki fulana, na fulana haikutoka peke yake.

Hospitalini muuguzi aliikata kwa mkasi, kipande kwa kipande, huku akimwagia mtoto maji. Akanusa kitambaa.

"Hii ililowekwa nini?"

"Dawa ya madoa."

"Ya dukani?"

"Ya kazini."

"Kwani mama unafanya kazi gani?"

"Dobi."

Muuguzi alimtazama mara moja, akarudi kwenye kazi yake. Afadhali angemtukana.

Mwalimu alikuja siku ya tatu na cheti. Bibi Mdogo alikuwa ametangazwa mwigizaji bora. Mwalimu alikuwa na macho mekundu. "Mama, mbona hukuniuliza? Sheria ile ni kwa ajili ya picha tu. Wapiga picha hawataki matangazo ya kampuni yasiyo na ruhusa. Na yeye gunia lilimfunika mpaka shingoni, nani angeona nini? Ningemgeuzia, tukaendelea."

"Yule mtoto wa mwaka jana aliyevuliwa..."

"Mwaka jana nilikuwepo tangu asubuhi mpaka mwisho. Hakuvuliwa mtu."

Jioni ile baba yake Bibi Mdogo alikaa upande wa pili wa kitanda na kofia ya kazi mapajani. Alingoja mtoto alale.

"Uliona analia?"

"Niliona."

"Tangu lini?"

Dobi alitaka kusema mwishoni. Mdomo ukakataa. "Tangu mwanzo."

Mumewe alivaa kofia yake, akaenda kazini mapema. Hakuhama nyumba, hakupiga, hakufoka. Lakini tangu siku hiyo akitaka kujua habari za mtoto humuuliza mtoto.

Ngozi ilifunga baada ya miezi mitatu. Imefunga kwa kukaza, kutoka mfupa wa bega hadi chini ya kwapa la kushoto, na mkono ule ukiinuliwa hufika usawa wa sikio ukasimama. Daktari amesema akikua itabidi ikatwe ilegezwe, na pengine zaidi ya mara moja. Wakati wote wa kubadilishwa bandeji, wauguzi walikuwa wakiitana kuja kumwona mtoto jasiri asiyetoa hata mguno. "Hajawahi kupita hapa mtoto kama huyu," walisema, na mama yake alitoka nje akaegemea ukuta.

Juzi alimvua viatu vya shule akakuta soksi imegandia kisigino. Chini yake kulikuwa na malengelenge yaliyopasuka, mengine ya zamani, mengine mapya.

"Viatu vinakubana tangu lini?"

"Tangu shule zifunguliwe."

"Wiki tatu? Mbona hukusema?"

Bibi Mdogo aliwaza kidogo. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomkata mama maini.

"Nilidhani itaisha," alisema.

Dobi alikwenda nje, akakaa kwenye kizingiti na kiatu mkononi. Alitafuta la kumwambia. Amwambie nini? Kwamba akisema, atasikilizwa? Alikwisha kusema, mara tatu, kwa mama yake mzazi, huku mama anakaza kamba. Maneno mengine ya kuweka juu ya hayo hakuyapata, na mpaka leo hajayapata. Ndani mtoto alikuwa akifanya hesabu zake kimya kimya. Zamani alikuwa akizifanya kwa kelele, akizigombeza tarakimu.

Mwalimu amemwomba awaandikie wazazi kitu cha kubandika kwenye mlango wa chumba cha mavazi. Dobi alisoma mpaka darasa la saba, mwandiko wake mkubwa. Ameandika hivi:

Mtoto akisema nguo inachoma, usimjibu. Mvue.

Usitoe nembo kwa petroli wala dawa yoyote ya madoa. Hata kama kazi yako ni madoa.

Usimvalishe nguo yenye unyevu wa dawa. Ikinuka, bado.

Usipulizie manukato juu ya harufu hiyo.

Usitumie wembe nguo ikiwa mwilini.

Usifunge vazi kwa mafundo mawili. Funga kitanzi kinachofunguka kwa kuvuta mara moja.

Usiamini habari ya mtoto asiye na jina. Muulize mwalimu.

Nembo ikikushinda, geuza nguo ndani nje. Ikionekana, iache ionekane.

Usikae kitini.