Firigisi ya Gaspar

Wiki nzima Yustina alijiambia asitarajie kitu, na wiki nzima moyo wake ulimjibu, "Nyamaza wewe." Gaspar alikuwa amempigia kutoka Finland, anakofanya kazi ya kutunza wazee, akamwambia, "Krismasi nenda kwa Shangazi, Kinyerezi. Nimeshaongea naye. Ana neno." Neno! Mwalimu wa Mwananyamala, miaka ishirini na minane, akiambiwa na mwanamume anayempigia kila Jumapili kwamba shangazi mtu ana neno, afikirie nini? Bei ya mchele?

Alivaa gauni jipya la kitenge, akabeba keki, akafika kwa Shangazi Demetria jua likiwa utosini.

Sebuleni akakuta wanawake wawili kwenye kochi, kila mmoja na soda yake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo na wenzio."

Yustina akawatazama hao wenziwe. Mmoja alikuwa Farida, jirani wa hapo hapo mtaani, amempakata mtoto mnene anayetafuna kijiko. Mwingine alikuwa Recho, muuza mitumba wa Temeke, mwenye kucha ndefu na sauti ya sokoni. Wote wawili aliwahi kuwasikia. Kila mmoja kwa wakati wake alikuwa mchumba wa Gaspar.

Shangazi hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. "Gaspar kanipigia, anasema anataka kuoa. Nikasema Mungu mkubwa, nani? Eti, 'Unamjua, nilishamleta hapo nyumbani.' Namuuliza jina, anaona aibu! Baba yake naye alikuwa hivyo hivyo. Nusura tumpelekee posa dada wa mchumba wake kwa sababu hakutaka kutaja. Sasa mie walioletwa hapa nawajua watatu. Nimewaita wote."

Keki ilianza kuwa nzito mikononi mwa Yustina.

"Shangazi, mie nina mume!" Recho alisema.

"Uliniambia una mtu. Mtu siyo mume."

"Harusini ulikuja! Ulicheza mpaka kiatu kikakatika kisigino!"

Shangazi alifikiri kidogo. "Kumbe ile ilikuwa yako?"

Farida alicheka mpaka mtoto akaangusha kijiko. "Na mie baba Shamsa yuko kazini, anakuja kunichukua jioni. Krismasi zote nakula hapa, Shangazi, wala sikujua leo ni usaili."

Yustina akashusha pumzi. Lakini Farida hakuwa amemaliza. "Huyo Gaspar ni baridi tu inamsumbua. Ikifika Desemba, anakumbuka. Mwaka juzi alinipigia, 'Farida, huku kimya, nakumbuka unavyocheka.' Nikamwambia nina mimba, kaka, nenda ukavae soksi."

"Ee! Na mie mwaka jana!" Recho alidakia. "'Recho, nakumbuka unavyocheka.' Maneno yale yale! Nilimkatia simu nikicheka hivyo hivyo, afaidi."

Wote wawili wakamgeukia Yustina. "Wewe je, mwalimu? Amekumbuka nini?"

Yustina alitamani kusema uongo, ila uongo hakuujua vizuri. "Anasema anakumbuka ninavyomfokea."

Farida na Recho wakatazamana.

"Mh," Recho alisema taratibu. "Hilo jipya."

Chakula kikatengwa: pilau, kachumbari, na jogoo wa kienyeji ambaye Shangazi alimkimbiza mwenyewe tangu asubuhi. Katika ukoo ule firigisi haikuwa nyama ya kuokotwa na yeyote. Ilikuwa ya mwanamume mwenye nyumba, na asipokuwepo huwekwa kwenye sahani yake, ikaliwa na mkewe. Mwanamke akipewa firigisi ya mtu mbele ya ndugu, ameshapewa na mtu mwenyewe. Shangazi akaiweka katikati ya sahani nyeupe, peke yake, kisha akapiga simu ya video na kuiegemeza kwenye jagi la maji.

Gaspar akatokea na kofia ya sufu na skafu, yumo ndani ya nyumba. Dirisha nyuma yake lilikuwa limeshaingiwa giza, maana huko Desemba jua huzama mchana. Alikuwa akitabasamu, lakini alipoona meza yote, akakohoa kikohozi cha mtu aliyefumaniwa.

"Shangazi... mbona wako wengi?"

"Hukutaja."

Gaspar akavua kofia, akaishika kifuani kama yuko msibani. "Dada zangu, najua mnaumia. Nawaombeni msiniweke rohoni."

"Nani anaumia?" Recho aliuliza. "Kinachoniuma mie ni njaa. Pilau linapoa tunakungoja wewe!"

"Firigisi yako hii hapa," Shangazi alisema. "Kwa kuwa hupo, ataila mwenye wewe. Taja jina."

Yustina aliitazama ile firigisi, kitu kidogo cha kahawia kisichozidi kidole gumba, akashangaa jinsi anavyoweza kuitaka kiasi kile. Hakutaka nyama. Alitaka jina lake litamkwe kwa sauti, mbele ya watu, na mtu asiyejificha nyuma ya Jumapili.

Gaspar alitazama dari ya huko Finland. "Gaweni tu, Shangazi. Sikukuu ni ya wote."

"Astaghfirullah," alisema Farida. "Anagawa firigisi!"

Yustina alisimama. Aliichukua ile firigisi kwa uma, akaiweka kwenye sahani ya Shangazi. "Ale aliyemkimbiza jogoo. Na wewe Gaspar, Jumapili usinipigie." Akaingia jikoni upesi na kuanza kusugua sufuria ambayo hakuna aliyemwomba aisugue.

Kutoka pale alisikia kila kitu.

"We bwege!" Farida alifoka. "Unamwogopa nini yule?"

"Naogopa akinikataa." Sauti ya Gaspar ilikuwa ndogo. "Nyie wawili mlinikataa kwenye simu, tena mkicheka. Kwenu niliumia siku mbili, nikapona. Huyu akinikataa mbele ya Shangazi, mie nitaponea wapi huku?"

Mkono wa Yustina ukasimama ndani ya sufuria.

"Basi endelea kuogopa," Recho alimwambia. "Ila sufuria zikiisha kuoshwa, anaondoka. Na mie nitamsindikiza."

Kisha simu ikapiga kelele mpaka jagi likatikisika: "Yustina! Ni Yustina, Shangazi! Mpe Yustina!"

"Umechelewa," alijibu Shangazi, mdomo umejaa. "Nimeshatafuna."

Yustina alirudi sebuleni mapovu yakimdondoka viwikoni. "Umesema nani?"

"Wewe."

"Wewe nani?"

"Yustina. Mwalimu. Mfokaji." Gaspar alikuwa amesimama huko aliko, skafu imemfunguka shingoni. "Unasemaje?"

Moyo wake ulikuwa umeshajibu zamani, ila yeye alijipangusa mikono kwanza, kidole kwa kidole. "Mie jibu la hivyo silitoi kwenye simu. Njoo kwetu Mwananyamala, ubishe hodi, umwamkie baba, halafu useme tena kama ulivyosema sasa. Kwa kelele zile zile."

"Nitakuja. Tatizo tiketi kipindi hiki..."

Wanawake wanne walivuta pumzi kwa pamoja.

"Nakuja Pasaka!" Gaspar alisema haraka.

"Pasaka ipi?" aliuliza Shangazi, akijifuta midomo. "Wanaume wa ukoo huu mie nawajua. Taja na mwaka."

Akautaja. Ulikuwa ndio huo unaokuja. Yustina akavuta kiti, akajipakulia pilau sahani tele, maana tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni.