Kamba Hakulivua Mwenyewe

Mimi si mtu wa kujishusha. Nikisema naweza kusafisha maji ya kisima chetu, basi naweza, na siku ile niliposhuka kwenye basi na kopo langu la chembechembe nyeusi nilitembea kifua mbele hadi mlangoni kwa Mama.

Juu ya kijiji chetu kuna viwanda vya kutia nguo rangi, na uchafu wao umekuwa ukishuka na mto tangu nikiwa mtoto, hadi ukafika kisimani. Ukiyatazama maji yake hayana neno, lakini yana madini ya risasi na kromiamu, sumu ambazo hata uchemshe vipi haziondoki. Wifi yangu Kesar, mke wa kaka Pukhraj, alikuwa na mimba ya kwanza, na kama ilivyo desturi alikuwa anajiandaa kwenda kujifungulia kwao. Ila aliongeza neno lake: hatamrudisha mtoto kwenye kisima kile. Mama alisikia. Alikuwa ameshamshonea mjukuu kigodoro kwa vipande vya shela zake kuukuu.

Ndiyo maana nilikuja. Majirani wakajaa uani. Nilimimina chembe kwenye mtungi wa kioo wenye maji ya kisima, nikakoroga, nikaziacha zifanye kazi, kisha nikagusisha sumaku kubwa ubavuni. Chembe zote zikakimbilia upande mmoja na kuganda pale, zimeshikilia sumu yote.

"Uchawi huu!" alisema Pukhraj.

"Si uchawi, ni shule. Wewe ulikuwa unatoroka."

Watu wakacheka. Nikamimina maji kwenye kikombe cha shaba, nikampa Mama, maana kwetu hakuna anayeonja kabla yake. Akakifikisha karibu na midomo, akasita.

"Hizi chembe zimetengenezwa na nini, mwanangu?"

Subir, mwenzangu wa maabara kule mjini Jodhpur, alikuwa ameshaniambia: "Dada, wewe sema ni unga tu. Nani atajua?" Nilicheka, nikidhani hakuna atakayeuliza. Sasa Mama alikuwa ananitazama, na nyuma yake kilining'inia kile kitambaa anachochujia maji kila asubuhi, halafu hukisuuza tena kisimani ili vijidudu vilivyonaswa visife.

"Unga wa chuma," nikasema. "Na maganda ya kamba wa baharini, Mama. Yanasagwa, yanapikwa kwa dawa, yanakuwa ute unaokamata sumu."

Mama akamwaga maji mchangani.

"Sisi Wabishnoi dini imetukataza kuua kiumbe, hata maji tunayachuja ili mdudu asife," alisema taratibu. "Wewe umesoma mpaka Jodhpur ili utuletee wadudu waliokufa?"

"Mama, hayana nyama hata kidogo, ni maganda matupu..."

"Kwani huyo kamba alilivua ganda lake mwenyewe akakukabidhi?"

Majirani wakaangua kicheko, na tangu hapo sikuitwa tena ila Binti Kamba. Kesar peke yake hakucheka. Aliingia ndani kukunja nguo zake.

Niliona aibu, sikatai, lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi, na hasira yangu huwa inafanya kazi. Nikarudi maabara, na siku moja kwenye chakula cha mchana walituletea mboga ya gwar, kunde zile zile tunazolima kwetu, zinazostahimili ukame hadi mvua inaona haya. Mbegu yake ikisagwa hutoa gundi nzito. Wenye viwanda vya aiskrimu wanaijua. Nikaweka mkate chini. Mimi naagiza maganda kutoka baharini, na kaka yangu ana magunia ya gundi stoo!

Majaribio ya kwanza yalikuwa mlenda mtupu. Chembe ziliyeyuka, maji yakavutika.

"Dada, lete mkate tuchovye," Subir akanicheka.

"Chovya ulimi wako."

Nikabadilisha namna ya kuifunga ile gundi kwenye unga wa chuma, nikabadilisha tena, hadi zikatoka chembe ngumu zisizoyeyuka na zinazoitika sumaku. Pukhraj alikuwa amenitumia mbegu za shamba la juu, linalonyeshewa na mvua tu, mbali na mto. Nikapima maji ya kisima chetu, nikarudia kupima hadi mashine ikanichoka. Risasi na kromiamu zilikuwa zimeshuka chini kabisa ya kiwango cha maji ya kunywa.

Nilifika nyumbani siku ambayo kaka yake Kesar alikuja kumchukua. Mizigo ilikuwa mlangoni. Majirani wakaja, wengine ili wamcheke Binti Kamba mara ya pili. Nilikuwa na hotuba yangu tayari: gwar, shamba la juu, hata konzi ya mbegu nilikuwa nayo mfukoni.

Mama akachuja maji kwanza kwa kitambaa chake, akaenda kukisuuza kisimani, ndipo akanipa. Nikafanya yangu. Sumaku ikavuta, nikamimina. Mama akapokea kikombe, akanywa chote bila kupumua.

"Mama, mbona huniulizi?"

"Nikuulize nini?"

"Zimetengenezwa na nini!"

Akafuta midomo kwa ncha ya shela. "Siku ile ungesema ni unga tu, ningekunywa, na nisingejua mpaka naingia kaburini. Hukusema. Sasa nikuulize nini tena?"

Konzi ya mbegu niliiacha mfukoni. Nilimpenda mama yangu wakati ule kuliko wakati wowote maishani mwangu.

"Ni gwar yangu hiyo!" Pukhraj akapiga kelele. "Waambie ni gwar yangu!"

Mama hakumjali. Alijaza kikombe upya, akawapita wanaume wote, hata mgeni, akampelekea Kesar pale penye mizigo. Kesar akanitazama. Nikamwitikia kwa kichwa. Akanywa, mkono mmoja tumboni, akaomba tena.

Kisha akainama, akafungua begi lake na kutoa kile kigodoro cha vipande vya shela. Mama ndiye aliyekitia humo usiku wa kuamkia siku ile, maana alishakata tamaa. Kesar akamrudishia mikononi.

"Kikae hapa, Mama," alisema. "Tutakikuta."