Gari Hewa Lenye Abiria

Kampuni ya teksi za mtandaoni ilipoanza ilikuwa na magari sita tu, na mteja aliyefungua simu akakuta ramani tupu alikwenda zake. Ndipo fundi wa kompyuta alipobuni ujanja. Akaweka magari hewa mia moja, yazunguke ramanini kutwa kucha. Ukiliita moja, linakujibu lina abiria. Kila gari lilitaka sura ya dereva, naye gari moja akalipatia sura ya marehemu kaka yake. Alijiambia anatania, kumbe alikuwa amemkumbuka.

Ujanja ukazaa. Wateja wakamiminika, madereva wa kweli wakaja kwa mamia, ofisi ikahamia ghorofani. Fundi naye akawa hashikiki. Mama yake akiomba kupelekwa kliniki, aliambiwa aite gari kama watu wengine. Lakini mpanda ngazi hushuka. Alitokea mshindani mwenye nauli ya kutupa, madereva wakahama, viti vikapigwa mnada.

Siku ya mwisho, saa tano asubuhi, alibaki fundi na mfilisi aliyetumwa kuifunga kampuni, mzee mkavu asiyecheka. Ramanini magari hewa yalikuwa bado yanazunguka, hayana habari. Moja tu lilishika njia moja kwa moja, na liliandikwa lina abiria. Fundi akalibonyeza. Dereva, kaka yake. Abiria, mama.

 Akampigia mama simu.

Mama alikuwa mchangamfu kuliko siku zote. Akasema kaka mtu amekonda kidogo, ila anaendesha taratibu kama zamani.

"Mama, mwambie asimame. Shuka, tafadhali."

"Wewe nimekungoja miaka mitatu, mwanangu. Yeye nimemwita mara moja tu, akaja."

Gari likapita nyumba ya mwisho ya ramani, likaingia kwenye weupe usio na barabara. Fundi alimwomba mfilisi dakika tano, akaambiwa kazi ni kazi, na waya wa kompyuta ukachomolewa. Kioo kikawa cheusi. Simu haikukatika.

Fundi aliogopa, alilia, hakuona haya. Akamsihi mama ampe dereva simu.

 Kisha sauti aliyoizika kwa mikono yake ikamjibu, kwa upole uleule.

"Usihangaike, mdogo wangu. Mama ninaye. Endelea na kazi."