Sentimita Kumi za Kabati la Mninga

Usiku wa kuamkia leo nimeota nimelala ndani ya droo ya kabati langu jipya la tivi, chali, mikono kifuani, na kabla sijasema nilivyofika humo ni bora nikiri mapema kwamba jana mjinga nilikuwa mimi. Nakiri mwenyewe kwa sababu maisha yameshanifundisha. Nimeuza mitumba mvua ikinyesha, nimeachwa na lori Makambako nikiwa na kandambili moja, na kote huko nimeona kuwa ukichelewa kujitangaza watakutangaza wengine, tena kwa spika.

Iko hivi. Mwaka mzima nimekuwa nikiipanga sebule yetu hapa Mafinga iwe ya kisasa. Tivi kubwa, sabufa ya kutetemesha vikombe, na kabati la mninga la kubeba vyote hivyo, lililotengenezwa kwa mkono na Fundi Kilasi, si yale ya maranda yaliyogandishwa yanayovimba ukipiga deki. Kanuni nilizinukuu kwenye daftari kutoka kwa bwana mmoja wa kwenye simu anayefundisha kupanga sebule na hajawahi kuonekana miguu. Tivi ikae usawa wa macho. Kochi likae mbali na tivi, mara mbili na nusu ya upana wake. Kinachozidi kiondolewe.

Mke wangu, Mama Eda, alikuwa na kanuni moja tu: cherehani yake isiguswe. Iko pale chini ya dirisha mwaka wa tisa sasa, ndipo penye mwanga, na ndipo anaposhonea sare za shule za nusu ya mji huu. Nikamwahidi haitaguswa. Nikaenda kwa Fundi Kilasi, nikaazima futi yake, nikapima ukuta, nikaacha nafasi ya cherehani, na iliyobaki nikaisoma: mita tatu na sentimita kumi. Fundi akatengeneza kabati la mita tatu na sentimita kumi, akachonga na maua pembeni.

Futi ile imekatika mdomo. Inaanzia kumi. Fundi alinieleza siku ile ile naiazima, ila mimi nilikuwa nimegeuka upande wa pili namtania fundi makochi wa jirani kuhusu kitambi chake.

Jana kabati limefika, na nafasi ni mita tatu kamili. Kulikata Fundi hataki, anasema ukikata pembe umekata maua, na mimi mwenyewe nilipoupapasa ule mninga roho ilikataa. Nikamwambia Mama Eda cherehani ihamie korido. Akasema korido haina mwanga. Nikamwambia aelewe tu, humu haina nafasi. Nikaisukuma mwenyewe mpaka korido, kabati likakaa. Nikapanda kitandani jua halijazama vizuri, mgongo ukiniuma kwa kusukuma mninga, nikijiona nimeshinda.

Basi, niko kwenye droo. Droo inavutwa, na anayeivuta ni kabati lenyewe.

"Mwangaluka," linasema. Mninga ule ulitoka Tabora, kwa hiyo sikushangaa kusalimiwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka," najibu. "Mbona nimo humu?"

"Ndimo ulimotosha. Sasa nieleze. Niliambiwa kwako kuna mita tatu na kumi. Nikawaaga ndugu zangu msituni nikijua naenda kwenye mita tatu na kumi. Nimefika, hizo kumi sizioni."

"Nilikosea kupima."

"Sijakuuliza ulifanyaje. Nimekuuliza ziko wapi."

Nikatazama chini ya droo. Hazikuwepo. Nikaliomba radhi kabati, likasema limeipokea, ila radhi haina urefu.

Hapo tivi, ambayo ilikuwa bado kwenye boksi, ikajipasulia mlango na kuchungulia. Ilikuwa na daftari langu.

"Kanuni ya kwanza," inasoma. "Nikae usawa wa macho. Macho ya nani?"

"Yangu."

"Wewe humu unakaa saa ngapi?"

"Nikitoka kazini. Nikipitia mahali, baadaye kidogo."

"Na mchana kutwa anakaa nani?"

"Mama Eda."

"Macho yake yanakuwa wapi?"

Nikafikiri. Nilishangaa kwamba nilihitaji kufikiri. "Kwenye sindano," nikasema.

Tivi ikafunga daftari, ikashuka taratibu kama mjamzito anayeshuka ngazi, ikaenda kukaa chini ya dirisha, usawa wa sindano, imegeukia pale cherehani ilipokuwa. Nikaiambia nikikaa kwenye kochi sitaona kitu. Ikasema imesoma daftari lote na haikukuta kanuni inayosema mimi nione.

Nikakaa kwenye kochi ili nitafakari. Lilikuwa kosa, maana kochi lilikuwa linamsubiri mtu.

"Mara mbili na nusu," linasema, na linaanza kurudi nyuma.

Linapita ukutani bila kubisha hodi. Linapita jikoni kwa jirani yetu Mama Lwiza, anasonga ugali, anatupisha kidogo kama mtu aliyezoea kupitiwa na makochi. "Karibu, Baba Eda," anasema. Namwambia ahsante, sikai. Vitambaa alivyovifuma Mama Eda kwa mkono wake vinapepea mgongoni kwangu.

"Hatujafika tu?" nauliza.

"Inategemea upana wa tivi."

"Si ni inchi sitini na tano?"

"Ilikuwa. Tangu ikae pale chini imenenepa."

Sikuelewa, nikaitikia. Ndotoni nimegundua kuitikia kunaokoa muda.

Tunasimama katikati ya msitu wa mipaina. Miti imejipanga mistari kama wanafunzi wa paredi, ukungu unapita katikati yao ukihesabu mahudhurio. Kwa mbali kabisa naiona sebule yangu, na tivi ndani yake ni ndogo kama kiberiti. Kochi linasema hapa ndipo nitakapotazamia mpira. Nauliza nitaonaje. Linasema linahusika na umbali, mambo ya kuona yana watu wake.

Juu ya kisiki kuna kipande cha futi, cha njano, kina kutu na kulabu mdomoni. Kinachoma kiazi.

"Wewe ni nani?" nakiuliza.

"Moja mpaka kumi."

Moyo ukanilipuka kwa furaha. "Ndiwe nakutafuta. Twende nyumbani, kabati linakuulizia."

"Siendi. Walishazoea."

"Walizoea nini?"

"Kwamba sipo," kinasema, kikigeuza kiazi. "Fundi ananitoa kwa kichwa kila siku, wala hakosei. Ukishazoeleka hivyo hakuna anayekutafuta. Wewe ni wa kwanza, na umekuja kwa sababu yamekuharibikia."

Nikasema samahani. Kikanikaribisha kiazi. Kiazi chenyewe kilikuwa na alama za sentimita, nikala mpaka nne nikashiba.

"Basi nipe hizo kumi," nikakibembeleza, "wewe ubaki na bati lako."

"Nikupe mara ngapi? Ulizisoma mwenyewe kwa mdomo wako, ukaondoka nazo. Jipekue."

Nikajipekua. Mfuko wa kulia kulikuwa na msumari, wa kushoto kulikuwa na msumari mwingine unaouliza kama yule wa kulia hajambo. Nilipoinua kichwa kumjibu, msitu wote ulikuwa umesharandwa, mipaina imekuwa mbao, na mimi nimesimama katika karakana ya Fundi Kilasi. Kabati limo, limeegemea ukuta. Tivi nayo imo, chini ya dirisha la karakana, haijageuza uso. Fundi alikuwa yeye yule, penseli sikioni, isipokuwa alikuwa na droo kifuani, na kila akitaka kusema anaifungua kidogo.

"Kaka," anasema, "kinachozidi kiondolewe. Kanuni ni yako, mimi natekeleza. Tutafute kinachozidi."

Anaanza na kabati. "Hili halijazidi. Liko kama lilivyoagizwa." Anapima ukuta. "Huu haujaongeza wala haujapunguza tangu ujengwe." Anatazama pale penye mwanga chini ya dirisha, anapima hewa. "Hapa ni pa cherehani. Hapajazidi, pamekaliwa miaka tisa." Kisha ananigeukia mimi, ananiegemeza kwenye ubao, anashusha futi kutoka utosini mpaka kisiginoni.

"Mita moja na sabini na nane. Siku zote huwa unasema una ngapi?"

"Moja na sitini na nane."

"Zimepatikana," anasema, na anaandika.

"Fundi, hebu subiri. Futi yenyewe inaanzia kumi."

"Aa," anasema Fundi Kilasi, akiifungua droo mpaka mwisho. "Leo ndiyo umesikia."

Msumeno ukajitundua ukutani. Huu ulikuwa wa hapahapa kwetu. "Kamwene," unasalimia.

"Kamwene," nikajibu, maana adabu ni adabu hata kwa msumeno.

"Tunapunguzia juu au chini?" unamuuliza Fundi.

"Juu kuna nini?"

Msumeno unanigonga kichwani mara mbili kwa upole, unasikiliza. "Hamna mzigo mkubwa."

"Jamani," nikasema, "mimi ndiye mwenye nyumba."

"Ndiyo maana tumeanza na salamu," unasema msumeno.

Nikatafuta wa kunitetea. Kabati lilijifanya linatazama maua yake. Nikajaribu kukimbia, ila kila nikipiga hatua karakana nayo inasogea sentimita zilezile, kwa hiyo nikawa natoka jasho bila kuondoka. Ndipo mlango ukafunguka, na cherehani ya Mama Eda ikaingia kwa miguu yake minne ya chuma. Miguu ilikuwa na matope, jambo lililonichanganya, maana korido yetu ni ya saruji. Ilikuwa imejifunika kanga nisiyoijua.

"Wewe msumeno, kaa pembeni," inasema. Sauti haikuwa ya Mama Eda. Ilikuwa ya mtu anayefanya kazi tangu asubuhi. "Kumpunguza mtu bila kumkata ni kazi yangu. Anakunjwa tu."

"Itauma?" nikauliza.

"Nimekunja sare za nusu ya mji. Hakuna iliyolalamika. Simama wima, acha kupumua kwa fujo. Unataka pindo la ndani au la nje?"

"Sijui."

"La ndani, basi. Huku nje umeshajionyesha vya kutosha." Ikainamisha sindano, ikanitafuta, ikanikosa. "Hapa sioni. Nisogeze penye mwanga."

Nikaisukuma. Sijawahi kuisukuma cherehani ile kurudi pale, jana niliisukuma kutoka tu, na sikujua kwamba kurudi ni kuzito hivyo. Kila hatua ilinibidi nimwombe mtu apishe. Fundi akapisha. Msumeno ukapisha. Tulipofika kwenye kabati la mninga nikasita, kabati nalo likanitazama, kisha likavuta pumzi ndefu, likabana maua yake na kujikaza ukutani. Tukapita. Nikaiweka cherehani chini ya dirisha, mwanga ukaanguka moja kwa moja juu ya sindano, na wote mle ndani, hata msumeno, wakageuka kuangalia huko. Hakuna aliyeitazama tivi. Tivi yenyewe ilikuwa inatazama sindano.

Cherehani ikaanza kushona. Sikusikia maumivu. Nilichosikia ni ubaridi unaopanda miguuni na watu wote kuwa warefu kidogo kuliko walivyokuwa. Nikageuka nyuma, nikaona karakana imekuwa sebule yetu na vitu vyote vimeenea: kabati, kochi, cherehani, na mimi katikati yao, nimetosha kwa shida kama kitabu kwenye rafu. Nikataka kuuliza kama hali hii ni ya kudumu. Cherehani ikakata uzi.

Nikaamka. Kumekucha, ukungu umeziba dirisha la chumbani. Nilikuwa nimelala na suruali yangu ya traki kwa ajili ya baridi, na nilipoteremsha miguu chini nikahisi upepo kwenye vifundo. Nikatazama. Suruali ilikuwa imeishia juu ya vifundo, miguu yote miwili, pindo limekunjwa kwa ndani na kupigwa mshono mara mbili, umenyooka kama rula, kwa uzi wa bluu wa sare za shule.

Nikatoka nayo hivyohivyo. Mama Eda alikuwa mlangoni, ameshavaa sweta na viatu, furushi la vitambaa vya bluu liko mikononi. Nilikuwa nimechanganyikiwa, na mimi nikichanganyikiwa huwa natania.

"Mama Eda," nikamwambia, "ugomvi wa kabati ndiyo umeuhamishia kwenye suruali yangu?"

Akainama, akalishika pindo, akaligeuza upande wa ndani, akalikagua bila haraka.

"Mshono mzuri," akasema. "Nani kakushonea?"

"Humu ndani mshonaji ni nani? Umenivizia nimelala, umenipunguza, sasa unaniuliza. Wewe kubali tu kwamba ni wewe, tucheke, yaishe. Mambo ya cherehani na korido tutayaongea taratibu."

Akainuka, akajitwisha furushi lake kichwani, akaliweka sawa.

"Nikushonee na nini, Baba Eda? Cherehani niliipakia kwenye toroli jana ileile ulivyopanda kitandani, imelala kwa dada yangu. Si ulisema humu haina nafasi."