Dira Akikosea, Mfuateni

Kama kuna mtu aliyewahi kufungwa bila kufuli wala minyororo, basi ni Dira. Jina lake la kuzaliwa lilikuwepo, lakini nani alikuwa na habari nalo? Dira ni cheo. Katika klabu ya mazoezi ya viungo ya mtaani kwao, wanawake hujipanga umbo la mshale, na yule anayesimama mbele kabisa, kwenye ncha, ndiye dira. Wa nyuma hawaangalii majaji wala watazamaji. Wanaangalia mabega na visigino vyake, basi. Na kwa kuwa binti huyu alikuwa amesimama pale kwenye ncha tangu akivaa sare za shule, cheo kikamganda. Hata kwenye duka la miwani alikofanya kazi ya kusaga vioo, wateja waliingia wakiuliza, "Dira yupo?"

Mchezo wenyewe usiudharau, tafadhali. Wapo wanaodhani ni kujinyoosha tu asubuhi kabla ya chai. Jaribu uone. Hakuna mashine, hakuna vyuma vya kunyanyua. Ni mwili wako, virungu viwili vya mbao mikononi, na muziki. Unapiga hatua, unazungusha virungu, unainama mpaka paji la uso linagusa goti, unasimama kwa mguu mmoja huku unatabasamu kana kwamba hakuna kinachouma. Na yote hayo mnayafanya kama mtu mmoja. Ukitia mbwembwe zako za peke yako, umewaharibia wenzako.

Mwalimu wa klabu alikuwa mama yake mzazi. Mama mfupi, sauti nene, filimbi shingoni hata akienda sokoni. Klabu aliianzisha mwaka ule mume wake alipofariki, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno, na alikusanya wenye majonzi yao na wenye vitambi vyao bila kubagua. Nesi alikuwemo, msusi alikuwemo, muuza mkaa alikuwemo. Wengi wao walimpenda, wote walimwogopa.

Sheria zake zilikuwa mbili. Ya kwanza: atakayekosea mbele ya majaji anakaa benchi msimu mzima, awe nani. Na hakuwa anatania. Mdogo wake wa tumbo moja, ambaye Dira alimwita mama mdogo, aliwahi kuponyokwa na kirungu mashindanoni kikabingirika hadi miguuni pa watazamaji. Tangu siku hiyo alikuwa anabeba chupa za maji na kushona mavazi ya wenzake, na shemeji zake walipomwombea msamaha waliambulia patupu.

Ya pili ilikuwa hii: dira akikosea, mfuateni. "Mkimfuata wote, nani atajua kwamba ni kosa?" Mwalimu alikuwa akisema. Sheria hiyo ilisemwa kila wiki na haikuwahi kutumika hata siku moja, maana Dira hakuwa amewahi kukosea.

Sasa sikiliza shida ilipoanzia. Mwenye duka la miwani, mzee mmoja mpole anayesafisha miwani yake hata ikiwa safi, alikuwa anafungua duka la pili katika mji mwingine, mbali, safari ya siku nzima. Akamwita Dira nyuma ya pazia la kupimia macho. "Nataka wewe ukalisimamie. Uajiri watu wako, upange mambo yako. Mikono yako haina mfano, na hapa umeshafika mwisho."

Dira alitaka kuruka. Alilitaka lile duka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka maishani. Alishaliona moyoni: meza yake, taa yake, jina lake halisi mlangoni, na chumba ambamo akiamka asubuhi hakuna mtu wa kumpigia filimbi. Lakini akajibu, "Nitaongea na mama kwanza."

Aongee naye wapi? Akianza nyumbani, mama alikuwa amevua viatu na kukunja miguu juu ya kochi. "Hee! Mwanangu, hapa ni nyumbani. Mambo ya klabu yaache ukumbini, nipumzike." Akianza ukumbini: "Hapa mimi si mama yako, mimi ni Mwalimu. Mambo ya nyumbani tutaongea nyumbani." Njiani ndiyo usiseme, mama alisalimiana na kila kiumbe chenye miguu. Wiki zikapita hivyohivyo. Kila Dira alipofungua mdomo, neno lilikuwa limefikia mahali pasipo pake. Mwenye duka naye alianza kusafisha miwani kwa kasi. Mwisho akasema, "Binti yangu, Jumatatu jioni kabla sijafunga, ndiyo au hapana. Nikikosa jibu nampa mwingine."

Mashindano ya mkoa yalikuwa Jumamosi.

Ndipo shetani, au akili, sijui nimwite nani, akamnong'oneza. Atakayekosea mbele ya majaji anakaa benchi msimu mzima. Mwalimu hawezi kuivunja sheria yake mwenyewe, angalau si baada ya kumfanyia vile mdogo wake. Na dira aliye benchi si dira. Dira aliye benchi anaweza kupanda basi akaenda zake. Hatalazimika kusema chochote kwa mtu yeyote, atakosea tu.

Usinicheke, wapo watu wazima wanaoona kuvunja mguu ni rahisi kuliko kusema "Mama, naondoka." Dira alikuwa mmoja wao na alijichukia kwa hilo. Alijua atawaharibia wenzake kazi ya mwaka mzima. Msusi, rafiki yake, anayesimama nyuma ya bega lake la kushoto, alikuwa amefunga saluni siku ngapi kwa ajili ya mazoezi? Usiku wa Ijumaa Dira hakupata usingizi, akawa anawaomba radhi kimoyomoyo mmoja mmoja.

Jumamosi ikafika. Ukumbi umejaa, majaji wamekaa upande wa kushoto nyuma ya meza ndefu yenye kitambaa cheupe, mama mdogo amekumbatia chupa zake ukutani. Muziki ukaanza. Walienda vizuri kupita siku zote, na hiyo ikamzidishia Dira uchungu. Ikafika sehemu ya kutembea wakizungusha virungu, halafu wote wageuke kulia. Kulia! Waliifanya mpaka wakawa wanageuka kulia ndotoni.

Dira akageuka kushoto.

Aligeuka ghafla, bila kuonyesha bega, mahali ambapo alidhani hakuna binadamu angeweza kumfuata. Akasubiri kusikia virungu vikigongana, watu wakikanyagana, labda mtu akilia. Hakusikia kitu ila miguu. Pa, pa, pa, nyuma yake, yote, kwa pamoja. Akajikuta anaelekea moja kwa moja kwenye meza ya majaji, na mshale mzima uko nyuma yake. Akaogopa. Akapinda tena kushoto sentimita chache tu kutoka kwenye kile kitambaa cheupe, virungu vikapeperusha karatasi, majaji wakajivuta nyuma kwenye viti vyao, na ukumbi mzima ukasimama kushangilia.

Wakashinda. Wakashinda! Nesi akalia, muuza mkaa akambeba Dira mgongoni akizunguka naye ukumbi, na jaji mkuu akasema kwenye kipaza sauti kwamba hajaona uthubutu wa namna ile miaka mingi. Mama mdogo alipomletea maji alimwangalia machoni muda mrefu. Kisha akafunga kifuniko cha chupa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu saa kumi na moja na nusu jioni, mazoezi kama kawaida. Duka la miwani lilikuwa mwisho wa mtaa uleule, na lilikuwa linafungwa saa kumi na mbili. Dira hakuvua hata koti. Alimfuata Mwalimu kwenye kona ya spika.

"Mwalimu, ile kushoto ya juzi..."

"Nzuri sana. Tutaiweka kabisa. Mwisho wa mwezi ni mashindano ya taifa, wataisubiri."

"Nilikosea."

"Kosa ni la mtu mmoja. Wakikosea wote, huo ni mtindo."

"Nilikosea makusudi, mama."

Mwalimu akainama kwenye spika akawa anachomeka waya ambao ulikuwa tayari umechomekwa. "Hapa hakuna mama," alisema, lakini sauti haikuwa na unene wake. "Unadhani sikuona? Nimekuona tangu kisigino hakijanyanyuka. Nenda mbele, wenzako wanakusubiri."

Alijua! Alijua, na bado akabonyeza muziki. Hasira ilimpanda Dira mpaka masikio yakawaka moto, lakini miguu yake ikaenda ikasimama kwenye ncha ya mshale, kama ilivyozoea. Wakaanza. Mstari wa kwanza, wa pili, na kila alipogeuka alikiona kitasa cha mlango wa mbele. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto.

Akaacha kugeuka.

Alienda tu, moja kwa moja, akavuka kizingiti, akashuka ngazi, akaingia mtaani. Hewa ya nje ikampiga usoni na akafurahi, wallahi akafurahi. Halafu akazisikia hatua. Pa, pa, pa. Wote walikuwa nyuma yake, virungu vinazunguka, vifua mbele. Akaongeza mwendo, wakaongeza. Mwenye baiskeli akapisha. Kinyozi akatoka na wembe mkononi, na mteja wake nusu kanyolewa akatoka kumtazama anayetazama. Watu wakaanza kupiga makofi. Dira machozi yalikuwa yanamtoka, na kwa kuwa alikuwa mbele hakuna aliyeyaona.

Alisimama mlangoni pa duka la miwani kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Nyuma yake wakawa wanapiga miguu palepale, wakisubiri. Mwenye duka alikuwa anashusha vibao vya madirisha. Akavua miwani, akawatazama wote, akaivaa tena.

"Mmekuja kunionyesha ubingwa?" akauliza. Kisha akashusha sauti. "Binti yangu, ndiyo au hapana?"

"Ndiyo," alisema Dira.

"Ndiyo!" wakaitikia wote nyuma yake, kwa sauti moja.

Mwenye duka akaruka. Wapita njia wakacheka. Msusi akanong'ona bila kutikisa midomo, "Dira, tumekubali nini? Na tunageukia wapi?"

Ikambidi ageuke awatazame. Miaka yote hiyo hakuwahi kuwaona kutokea mbele: wekundu wa macho, jasho juu ya midomo, Nesi bado na kitambulisho cha kazini kifuani. Mwisho kabisa wa mstari alikuwepo mama mdogo, amebana chupa kwapani, naye anapiga mguu. Na nyuma yao Mwalimu, anahema, filimbi mkononi.

"Nimepata kazi mji mwingine," Dira alisema. "Naenda wiki hii. Nilitaka kuwaambia nikashindwa, ndiyo maana juzi nikageuka kushoto. Nilitaka tushindwe. Nisameheni."

Miguu ikaanza kunyamaza, mmoja, kisha mwingine. Msusi alishusha virungu vyake akageuza uso pembeni.

"Na taifa?" aliuliza Nesi.

Hapo wote wakamtazama mabega, kwa mazoea, wakisubiri yaonyeshe upande. Na Dira, nitasema ukweli, aliwasubiri wao. Mtu mmoja tu aseme nenda. Angalau mama yake.

Mama yake alisema, "Nani amewaambia msimame?"

Miguu ikaanza tena. Ya Dira pia ilitaka. Kisigino cha kulia kilikuwa kimeshanyanyuka. Akakikanyaga chini.

"Naondoka, mama," alisema, kwa nguvu, mtaa mzima ukasikia.

Safari hii hakuna aliyeitikia. Mwalimu alipita katikati yao mpaka mbele, karibu kabisa na binti yake, akanyoosha mkono kama anayetaka kumshika shavu, akaishia kumfunga kifungo cha koti. Kisha akampa kisogo, akapuliza filimbi, akajiweka yeye mwenyewe kwenye ncha na kuwageuza kuelekea ukumbini.

Dira alibaki kwenye ngazi za duka akisikiliza. Walikuwa wamepishana hatua, wengine wamewahi, wengine wamechelewa, virungu vinagongana. Ilimuuma vibaya mno kusikia vile, na hakuwaita.